Tiba hii ni ya kuponya au ya kutuliza?

Watu wa Mbagala wanaijua njia ya Ocean Road. Unapanda basi, unafuata Barabara ya Kilwa mpaka mjini, kisha unakwenda ufukweni. Hospitali hiyo ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria, ikawa Taasisi ya Saratani. Saratani ndiyo kansa.

Mgonjwa anayewahi anaweza kupona kabisa. Lakini wengi hufika wamechelewa. Ugonjwa umekwisha kusambaa. Umeingia kwenye mifupa, mapafu au ini. Hapo mara nyingi daktari hawezi kuuondoa wote. Bado ana kazi ya kufanya. Anaweza kupunguza maumivu. Anaweza kuzuia damu. Anaweza kumwongezea mgonjwa siku za kukaa vizuri.

Hapo ndipo watu wawili hupotezana. Daktari anaandika tiba ya kutuliza. Mgonjwa anadhani anakwenda kupona. Mashine ya mionzi ni ileile, lakini shabaha ni mbili.

Jambo hili haliko kwetu tu. Mwaka 2012 huko Marekani ilitolewa taarifa ya wagonjwa 1,193 waliokuwa na saratani iliyosambaa. Wote walikuwa wametibiwa kwa dawa za saratani. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu, 69 hawakuelewa kwamba dawa hizo hazitawaponya. Na ile ni nchi yenye madaktari wengi!

Sisi mabwana shamba tunalijua jambo hili. Mkulima akitaka mbegu, kwanza tunamwuliza: Unalima chakula au biashara? Asipoulizwa, atapewa mbegu isiyomfaa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mbagala ana saratani ya mlango wa kizazi. Hii ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Ugonjwa umesambaa. Wanawe wanamwambia daktari pembeni, "Mama asiambiwe. Fanya kila linalowezekana." Wanataka kuuza kiwanja. Wanampenda mama yao, hilo halina ubishi. Lakini mama mwenyewe hajaulizwa.

Siku moja daktari anamwuliza, "Mama, unataka tukusaidie nini?"

Mama anajibu, "Mwanangu, nataka kulala usiku. Tena nataka kwenda Rufiji kuwaona ndugu zangu, nikiwa bado naweza kukaa ndani ya basi."

Sasa daktari anajua la kufanya. Anapanga mionzi ya siku chache ili damu ikatike. Anampa dawa ya maumivu ya kusafiri nayo. Kiwanja hakiuzwi.

Mgonjwa mwingine atajibu vingine. Baba mwenye watoto wadogo anaweza kusema, "Nipe dawa kali, hata nikitapika, mradi nipate miezi zaidi." Naye asikilizwe. Mwili ni wake.

Dawa kubwa ya maumivu hayo ni mofini. Huko Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya wagonjwa hawa mjini Kampala mwaka 1993. Alitumia mofini ya maji, ya kunywa. Mwaka 2004 serikali ya Uganda iliruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo waiandike. Kwa hiyo mgonjwa wa kijijini hakulazimika kumngoja daktari.

Watu wengine huiita mofini dawa ya kufa. Si kweli. Ikipimwa vizuri, haimwui mgonjwa. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, hata kama maumivu hayajarudi. Huleta usingizi siku za kwanza. Pia hufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Usiongeze wala usiache ghafla bila kuambiwa.

Ukienda hospitali, nenda na ndugu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Mwulize daktari wazi: "Tiba hii ni ya kuponya au ya kutuliza?" Akijibu kwa maneno magumu, mwombe arudie. Kisha mwambie wewe unataka nini.