Fedha za Mshindi Zatoka Wapi?

Masomo: Mithali 13:11, Yohana 19:23-24

Leo nataka tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi, hata nyumba za watu wanaokuja kanisani kila Jumapili. Jambo hilo ni kamari. Ili tulielewe vizuri, twende kwanza mbali kidogo, hadi mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani.

Huko kuna mbio za farasi ziitwazo Kentucky Derby. Zilianza mwaka 1875, na kwa desturi hufanywa mwezi wa Mei. Ni mbio fupi, za dakika mbili hivi tu. Lakini kwa ajili ya dakika hizo mbili, fedha nyingi mno hutoka mifukoni mwa watu. Tarehe 7 Mei 2022, dau zilizowekwa kwa mbio hizo peke yake zilipita dola milioni 170.

Siku ile walikimbia farasi 20. Mmoja wao aliitwa Rich Strike. Yeye alipata nafasi asubuhi ya siku iliyotangulia tu, baada ya farasi mwingine kuondolewa. Watu wachache sana walimtegemea. Malipo yake yalikuwa 80 kwa 1, maana yake aliyemwekea dola moja angepata faida ya dola 80 kama farasi huyo angeshinda. Aliyetumainiwa kuliko wote aliitwa Epicenter. Walipokaribia mwisho, Epicenter alikuwa mbele. Ghafula Rich Strike akapenya upande wa ndani, akampita, akashinda. Tikiti ya dola 2 ikalipa dola 163 na senti 60.

Habari kama hiyo huenea upesi. Watu husema, "Tazama, mnyonge ameshinda! Tazama, dola mbili zimezaa mia moja na sitini!" Lakini mtu mwenye hekima atauliza swali moja: Je, fedha hizo zimetoka wapi? Farasi hakuzibeba mgongoni.

Sikilizeni jinsi mambo yalivyo. Katika mbio hizo, fedha za wote wanaomchagua mshindi huwekwa katika kapu moja. Kabla ya mtu yeyote kulipwa, wenye kuendesha kamari na serikali huondoa sehemu yao. Kinachobaki hugawanywa kwa wale waliochagua farasi aliyeshinda.

Tuchukue mfano mdogo. Watu 100 wanaweka shilingi 100 kila mmoja. Kapu lina shilingi 10,000. Tuseme wenye kamari wanachukua shilingi 15 katika kila 100. Zimebaki 8,500. Kama watu 50 walichagua farasi aliyeshinda, kila mmoja atapata shilingi 170. Kama ni mtu mmoja tu aliyemchagua, atachukua zote 8,500. Basi umeona? Malipo makubwa hayaonyeshi akili ya mshindi. Yanaonyesha wingi wa walioshindwa.

Tena, tuseme watu hao 100 wanarudi kila Jumamosi na kuweka yote yaliyobaki kwao. Mara ya tano wataondoka na shilingi 4,437 tu kati ya zile 10,000. Mara ya kumi zitabaki 1,969. Hakuna mwizi aliyeingia. Kila mara mmoja wao alishangilia. Lakini kapu limekauka, na mwenye kapu ameshiba.

Hili ndilo funzo la kwanza, wapendwa: faida ya kamari ni hasara ya jirani. Mkulima akiuza mahindi, yeye hupata fedha na mnunuzi hupata unga. Wote wawili wamefaidika. Fundi akitengeneza kiti, kuna mtu atakikalia. Lakini katika kamari hakuna unga wala kiti. Shilingi niliyoipata ni shilingi aliyoipoteza mwingine, labda karo ya mtoto wake. Yesu alituagiza tumpende jirani kama nafsi zetu. Nitampendaje jirani, huku nikingoja apoteze ili mimi nipate?

Kumbukeni askari pale Kalvari. Walipigia kura vazi la Bwana. Mmoja wao alirudi nyumbani akiwa mshindi, mwenye vazi zuri lisilo na mshono. Lakini juu ya kichwa chake alikuwako Mwokozi wa ulimwengu akifa, naye macho yake yalikuwa kwenye vazi.

Funzo la pili: bahati haina agano na mtu. Rich Strike alikimbia tena mara kadhaa baada ya siku ile, lakini hakushinda tena hata mara moja. Aliyemfuata akitafuta ushindi wake wa pili aliufuata bure. Nabii Isaya, katika sura ya 65, aliwakemea watu waliomsahau Bwana wakamwandalia meza mungu aitwaye Bahati. Mungu huyo hula, wala halishi.

Funzo la tatu tulitafute zizini, si pale tikiti zinapouzwa. Mwalimu wa farasi huyo, Eric Reed, alipatwa na msiba mwezi wa Desemba 2016. Moto uliteketeza zizi lake, farasi 23 wakafa. Hata hivyo aliendelea na kazi yake. Mwaka 2021 Rich Strike alinunuliwa kwa dola 30,000, bei ndogo kwa farasi wa mbio kubwa kama zile, akalishwa, akafundishwa, akaangaliwa kila siku. Mithali hutufundisha kwamba mali ya haraka hupungua, bali akusanyaye kidogo kidogo huongezewa. Mwenye tikiti alitaja jina tu. Mwalimu aliamka alfajiri.

Labda unasema, "Mambo hayo ni ya Marekani." Ni kweli, wengi wetu hatujawahi hata kufika uwanja wa farasi wa Ngong, pale Nairobi. Lakini kamari haihitaji tena uwanja. Siku hizi imo ndani ya simu, nayo hufika kijijini kabla ya mvua. Kijana hulala akibashiri mpira wa Ulaya. Huko kampuni hupanga malipo mapema, lakini hupanga kwa namna ambayo sehemu yake haikosi. Hesabu ni ile ile.

Mwingine atauliza, "Je, mitume hawakupiga kura walipomchagua Mathiya?" Walipiga. Lakini waliomba kwanza, wakitafuta mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyenyang'anywa chochote. Nasi kanisani tujichunguze. Tukiuza tikiti za bahati nasibu ili tumalize paa la kanisa, tutamwambiaje kijana aache?

Sasa neno langu ni kwako wewe uliyekwisha kunaswa. Pengine umetumia fedha za chama, au umekopa, nawe unasema, "Nitacheza mara moja tu, nirudishe nilizopoteza." Ndugu yangu, huo ndio mtego wenyewe. Zilizopotea zimekwisha kwenda. Usizifuate na zilizobaki. Leo jioni mwambie mke wako ukweli wote, au mwambie mume wako. Mwendee mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini. Mtu mwingine akutunzie fedha kwa muda, ukilipa deni kidogo kidogo. Nanyi wazee, akija mtu kama huyo, msimwaibishe wala msimtangaze. Mpokeeni kama baba alivyompokea mwana mpotevu, ambaye naye alikuwa ametapanya mali.

Mtunga Zaburi ya 33 alijua kwamba farasi, pamoja na nguvu zake zote, hawezi kumwokoa mtu. Yuko mmoja tu awezaye, naye hatuuzii tikiti. Alijitoa mwenyewe.

Tuombe. Ee Baba, utupe riziki yetu ya leo kwa kazi ya mikono yetu. Utuondolee tamaa ya cha jirani. Wafungue waliofungwa na kamari, urudishe amani nyumbani mwao. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.