Baba kwa Mfalme, Mwana kwa Bunge

Ndugu msomaji, ungefanya nini iwapo nchi yako ingegawanyika mapande mawili, wewe ukawa upande huu, na mwanao mkubwa unayemtegemea akawa upande ule?

Swali hilo lilimkabili Sir Edmund Verney, mwenye mashamba huko Claydon, jimbo la Buckinghamshire, Uingereza. Tangu ujana wake alikuwa mtumishi wa Charles, kabla huyo Charles hajawa mfalme. Mwaka 1623 alimfuata hadi Madrid, alikokwenda kuposa binti wa kifalme wa Hispania. Posa haikufaulu, lakini utumishi wa Verney uliendelea, na Charles alipokalia kiti cha enzi alimpa cheo katika jumba lake.

Mfalme huyo alitawala kwa miaka 11 bila kuita Bunge, huku akiwatoza watu kodi ambazo wawakilishi wao hawakuziridhia. Bunge lilipoitwa mwaka 1640, Verney aliingia kama Mbunge wa Wycombe, na mwanawe Ralph kama Mbunge wa Aylesbury. Baba na mwana wakaketi katika ukumbi mmoja. Ralph alikuwa na mazoea ya kuandika kwa penseli yaliyosemwa humo, na wanahistoria wanamshukuru kwa hilo hata leo.

Usidhani, msomaji, kwamba kila aliyempigania Mfalme aliamini kuwa Mfalme ana haki. Verney hakuamini hivyo. Alimweleza rafiki yake Edward Hyde kwamba haupendi ugomvi ule, na kwamba angefurahi kama Mfalme angekubali matakwa ya Bunge. Lakini alikuwa amekula mkate wa bwana wake kwa karibu miaka 30. Kumwacha wakati wa shida aliona ni aibu isiyovumilika. Mimi binafsi nauona utii wa namna hiyo kuwa wa hatari, kwani humfanya mtu mwema aitetee dhuluma anayoijua. Hata hivyo, siwezi kumdharau.

Tarehe 22 Agosti 1642 Mfalme aliinua bendera yake ya vita mjini Nottingham, na mwenye dhamana ya kuibeba alikuwa Verney. Ralph alibaki London pamoja na Bunge. Ndugu yake mdogo, Edmund, ambaye nyumbani walimwita Mun, alimwandikia barua ya kumlaumu vikali: iweje awe dhidi ya Mfalme, na zaidi ya hayo amuumize baba yao kiasi kile?

Vita vya kwanza vikubwa vilipiganwa Edgehill tarehe 23 Oktoba mwaka huo huo. Verney aliuawa akiwa na bendera mkononi. Bendera yenyewe ilitekwa, kisha ikanyakuliwa tena na askari wa Mfalme, lakini maiti yake haikupatikana kamwe. Hadithi iliyoenea husema kwamba ulipatikana mkono tu, ungali umeushika mti wa bendera.

Je, Ralph alistarehe kwa kuwa upande wa washindi? La hasha! Mwaka 1643 Bunge lilidai wabunge watie sahihi kiapo cha kubadili dini ya nchi, naye dhamiri yake ikakataa. Akahamia Ufaransa na mkewe Mary, na mali yake ikazuiliwa. Mwaka 1646 Mary alirejea London peke yake, akiwa mja mzito, kwenda kuwabembeleza wakubwa warudishe mali hiyo. Alijifungua huko, na kichanga kikafa. Siku zizo hizo binti yao mdogo naye akafa Ufaransa, mama akiwa ng'ambo ya bahari. Mwishowe mali ilirudishwa. Mary alirudi kwa mumewe mwaka 1648, lakini baada ya miaka miwili tu akafariki. Wakati huo Mun, aliyepatana na kaka yake, alikuwa ameshauawa Drogheda, Ireland, mwaka 1649.

Barua za jamaa hiyo, maelfu kwa maelfu, zilihifadhiwa Claydon, na ndizo zilizotupa habari hizi. Ralph alirudi nyumbani mwaka 1653. Alijenga ukumbusho wa marumaru katika kanisa la kijijini, wenye sanamu za baba yake, mama yake, mkewe na yeye mwenyewe, wote wanne pamoja, ingawa maiti ya baba haimo humo.