Likizo ya mchanga pale Lualaba: raha bila deni

Kila mwezi wa saba picha zinaanza kupita kwenye simu zetu: Zanzibar, Mombasa, viti vyeupe, maji ya buluu. Kisha mtu anauliza: sisi wa Kindu twende wapi? Leo najibu, sababu mimi mwenyewe nililipa bei ya kutopanga.

Tuanze na ramani. Bahari yetu ya Kongo iko Muanda, pwani ya kilometa karibu 40 tu, upande mwingine wa nchi. Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, ina mchanga mzuri, na reli toka Kindu inafika kule kwa kupitia Kabalo. Lakini safari ile inaomba siku nyingi na feza ya akiba. Mwenye konje ya siku tatu ataimaliza njiani. Tunabaki na Lualaba. Kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, mvua inapungua, maji yanashuka, na mchanga unatoka. Watu wengine wanapanda ndege kutafuta tropiki, sisi tunaishi ndani yake.

Mara ya kwanza, nikiwa nimetoka kupata lisansi, nilikopa feza, nikachukua mdogo wangu na marafiki. Tulinunua vinywaji vingi, chandarua hakuna. Tukalala usiku mbili juu ya mchanga. Wiki mbili nyuma, mdogo wangu akapata malaria. Siwezi kuapa kama ni mbu wa pale, mbu wako hata nyumbani. Lakini feza ya minervali yake njo ililipa dawa, na deni likabaki.

Mara ya pili nilipanga kama shamba: kalenda kwanza, pembejeo nyuma. Tulikuwa sita. Kila mtu alitoa franka 10.000 kwa mwezi, miezi mitano, jumla 300.000. Tuligawa sehemu kumi: tatu chakula, mbili mtumbwi, mbili malazi, moja maji na dawa, mbili za dharura. Ile ya dharura hakuna mtu wa kuigusa kwa bia.

Starehe ni nini kweli? Ni kulala vizuri, kunywa maji safi, kula vizuri, kupata kivuli. Njo maana hatukulala tena mchangani. Tulisalimia shefu wa kijiji cha ng’ambo, tukapata nyumba ya udongo yenye paa zuri, tukafunga vyandarua vyetu. Mchana tulitandika turubai juu ya miti minne. Mchele wa Maniema, mawese na chumvi vilitoka mjini, samaki tulinunua kwa wavuvi asubuhi. Maji ya kunywa tulichemsha yote, hata ya kusugua meno.

Sasa maji ya kuoga. Usichague kona yenye majani na maji yaliyosimama: konokono wa bilharzia wanapenda pale. Usichague pia mkondo wenye nguvu. Uliza Wagenya, wao wanajua mto. Mvuvi mmoja mzee aliniambia:

— Mwanangu, huu mchanga mwaka jana haukuwa hapa.

— Ndiyo papa. Na tunaweza kuoga?

— Mwisho pale penye fimbo. Mbele ya fimbo, chini kunakatika.

Mto unabeba mchanga na kuutupa pengine kila mwaka, kwa hiyo mahali pa mwaka jana si salama kwa sababu tu unapakumbuka. Tuliheshimu fimbo ile. Uliza pia habari ya mamba na kiboko, na usioge magaribi. Kwenye mtumbwi, hesabu watu kabla ya kupanda. Kama umejaa, ngoja mwingine. Gileti ya kuokolea ukipata, vaa, hata kama picha itakuwa mbaya.

Tulirudi siku ya tatu, wote sita wazima. Sehemu mbili za dharura zilibaki, kila mtu akarudishiwa 10.000. Yangu iliingia kwenye minervali ya mdogo wangu.

Mwezi wa pili njo wa kuanza kuchanga. Usingoje wa saba.