Watoto Wanapokimbia Asubuhi ya Baridi

Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishindana kwenye theluji kule Nagano, Japani. Katika mbio hizo za theluji, baridi ikizidi nyuzi 20 chini ya sifuri, mashindano huahirishwa. Hapa Manga theluji hatuna, lakini watoto wetu hufanya mazoezi alfajiri, ukungu na moshi vikiwa vimetanda. Je, wao nani anawaamulia?

Anayekimbia sana hupumua kwa mdomo. Hewa ya baridi huingia kifuani bila kupashwa joto na pua, na njia za hewa hubana. Moshi huzidisha. Mtoto mwenye pumu anaweza hata kufa.

Basi wanakikundi, tufanye hivi:

1. Mazoezi yaanze jua likishatoka, mbali na moshi wa takataka na tanuru za matofali.
2. Watembee kwanza dakika 10, ndipo wakimbie.
3. Wavae sweta, nguo zikilowa jasho, wabadilishe.
4. Kifua kikilia, mtoto asimame, asiitwe mvivu. Apewe dawa yake ya kuvuta. Asipopata nafuu, hospitali haraka.

Mkutano ujao tuchague nani atakaa uwanjani na watoto.