Maradhi ya Mgongo na Namna ya Kuishi Nayo

Jirani yetu mmoja hapa Kigonsera, bibi aliyekwisha kupita miaka 60, aliniambia hivi: “Mwalimu, mgongo wangu umekwisha. Baridi ya milima imeuingia.” Tangu siku ile hakushika jembe, alilala kitandani miezi 2. Alipoinuka, miguu yake ilikuwa dhaifu kuliko mgongo wenyewe.

Uti wa mgongo si mfupa mmoja kama nguzo ya nyumba. Ni pingili nyingi zilizopangwa, mfano wa pingili za muwa, na zile ziwezazo kujongea ni 24. Baina ya pingili na pingili kuna kisahani kigumu chenye majimaji ndani, nacho hupokea uzito kama mto. Jipime urefu wako asubuhi, ujipime tena jioni: utaona umepungua kama sentimita 1, kwa kuwa visahani vimekamuliwa mchana kutwa. Usiku hujaa tena. Lakini miaka ikipita maji yale hupungua, visahani husinyaa. Gegedu nalo, yaani kile kitu cheupe laini kifunikacho ncha za mifupa (mchinja mbuzi hukijua sana), hulika. Na mfupa, kana kwamba unajitetea, huota vinundu pembeni. Ndipo mtu huamka mgongo umekaza, ukalegea akisha kutembea kidogo, ukauma tena baada ya kazi.

Wengi huyaita maradhi haya baridi yabisi, na jina hilo latupoteza kidogo. Baridi ya Umatengo yaweza kumfanya mtu asikie maumivu zaidi, lakini siyo ilayo kiungo. Sababu ni umri, urithi wa ukoo, unene, na kazi nzito ya kuinama. Tazameni ngoro zetu: nyasi hulazwa miraba miraba mlimani, kisha mwanamke huinama kutwa akichimba udongo wa katikati na kuzifunika. Shimo lile huzuia mvua isichukue udongo, ni akili kubwa ya wazee wetu. Lakini mgongo ndio ulipao.

Je, uti uliolika umevunjika? Hasha. Wako watu wengi ambao picha ya eksirei huonyesha pingili zao zimelika, nao hawasikii maumivu yo yote. Kiungo hulishwa kwa kujongea. Na nyama za mgongo na tumbo, ambazo ndizo kamba za kuushikilia uti, hulegea upesi mtu akilala tu. Basi bibi yule alishauriwa atembee kila siku, kidogo kidogo, hata kama pana maumivu kidogo. Asubuhi hulala chali, akunja magoti, akainua kiuno polepole mara 10. Hujikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Jembe lake limetiwa mpini mrefu, naye husimama upande wa chini akielekea mlimani, ili udongo uwe karibu na mikono. Kuni huzigawa mizigo miwili, na akiinua hukunja magoti. Sasa hulima nusu ya alichokuwa akilima, nami naona hiyo si haba.

Vidonge vya dukani vya kutuliza maumivu, kama diklofenaki, visimezwe siku zote pasipo shauri la daktari. Huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Wala chale hazifiki penye gegedu.

Lakini si kila mgongo uumao umelika. Mwenye homa, jasho la usiku, kukonda, na maumivu yasiyopoa hata akilala, huenda ana kifua kikuu cha mifupa. Aende hospitali akapimwe, maana kina dawa, nayo hutolewa bure. Na mtu ambaye miguu yake yaanza kulegea, au amekufa ganzi baina ya mapaja, au mkojo umemzuia, asingoje siku ya soko. Apelekwe Litembo au Peramiho siku ile ile.