Pafu la Plastiki na Anayejifunza Kuliendesha

Mwendesha mashine ya moyo na mapafu huchukua kazi ya viungo hivyo viwili wakati daktari amesimamisha moyo ili arekebishe vali au azibe tundu. Hospitalini huitwa pafyushonisti. Tanzania fani hii bado ni changa: upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Muuguzi wa Tabora anayeitaka kazi hii hupanda treni kwenda Dar es Salaam, kwenye reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara. Wagonjwa hutoka kila mkoa, na wengi wana vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo chanzo chake ni maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni.

Wanaoingia kwenye fani hii hutokea zaidi kwenye uuguzi na utaalamu wa usingizi. Anatomia na elimu ya dawa wamekwisha kuzionja. Kilicho kigeni kwao, na kinachostahili muda wote watakaokipa, ni kifaa kimoja kinachoenea mikononi: pafu bandia.

John Gibbon, aliyefanikiwa kwanza na mashine hii Philadelphia tarehe 6 Mei 1953, aliitiririsha damu juu ya vyandarua vya chuma, ikagusana na oksijeni uso kwa uso. Pafu la leo lina maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati. Hewa hupita ndani ya nyuzi, damu hupita nje, na kati yao pana ukuta mwembamba wa plastiki. Eneo lake lote ni mita za mraba 2 hivi, ilhali mapafu ya mtu mzima hukaribia 70, na bado linatosha.

Chembe nyekundu ya damu ichukuliwe kuwa mpagazi wa Kinyamwezi, na unyuzi uwe tembe, yaani nyumba, la mfanyabiashara wa Unyanyembe, huko huko Tabora, katika karne ya 19. Mpagazi anaingia kutoka Ujiji na pembe ya ndovu begani. Hiyo ndiyo kabonidayoksaidi. Anaitua mlangoni, anapewa vitambaa, ndiyo oksijeni, na anashika njia. Ndani ya tembe haingii kamwe. Mwenye tembe ana mashaka mawili. Vitambaa vikipungua, mpagazi ataondoka na mzigo haba. Pembe nazo zikirundikana uani bila kusafirishwa, hapatakuwa na pa kutua nyingine, hata kama bohari imejaa vitambaa hadi darini. Ndiyo maana mashine ina virekebisho viwili. Kimoja huweka kiwango cha oksijeni katika hewa, nacho ndicho kinachoamua oksijeni ya damu. Kingine huweka kasi ya hewa inayopita ndani ya nyuzi, nacho huamua kabonidayoksaidi itafagiwa kwa kiasi gani. Mwanafunzi akiona kabonidayoksaidi inapanda, mkono hukimbilia oksijeni, na namba haishuki ng'o. Akishaongeza kasi ya hewa, hushuka baada ya muda mfupi. (Sehemu kubwa ya kabonidayoksaidi husafiri kama bikaboneti kwenye majimaji ya damu, si ndani ya chembe, lakini hesabu ya pembe ni ile ile.)

Kazi ya kwanza anayokabidhiwa mgeni ni mirija. Huiunganisha, kisha huipulizia kabonidayoksaidi kabla ya kuijaza maji yenye chumvi, kwa kuwa gesi hiyo huyeyuka upesi kuliko hewa ya kawaida. Halafu huzungusha maji huku akigongagonga kichujio na viungio, akitazama mapovu madogo yakibanduka kwenye plastiki na kupanda juu. Povu likifika kwenye ubongo huweza kuziba mshipa, kwa hiyo hakuna anayemharakisha.

Mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande mirijani, na pampu kwa kawaida haianzi mpaka kipimo cha kuganda kivuke sekunde 480. Mtiririko huwa lita 2.4 kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya mwili: mtu mwenye mita 1.8 hupata lita 4.3. Mwishoni heparini huzimwa kwa protamini, iliyopatikana kwanza kwenye manii ya samaki aina ya salmoni. Umeme ukikatika lipo betri, na betri ikiisha upo mkono wa kuzungushia pampu, ambao mwanafunzi hufanyishwa nao mazoezi mpaka bega lilalamike.

Watu wazima hutangulia. Watoto huja baadaye. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 250 hivi, pungufu ya maji yanayojaza mirija ya mtu mzima, kwa hiyo hutumiwa mirija mifupi na pafu dogo, na mara nyingi damu ya kuongezewa humiminwa mashineni kabla pampu haijawashwa. Hata aliyehitimu haachi kuhesabu: Marekani, anayetaka kubaki na cheti lazima ashiriki kazi 40 za fani hii kila mwaka.