Jamaa wa kale wa mamalia tuwaiteje?

Majuzi nilikuwa Kasikeu, Kaunti ya Makueni, tukinywa supu ya kichwa cha mbuzi. Kijana mmoja wa sekondari akaniuliza: "Profesa, ni kweli mamalia walitokana na dinosaria?"

La, hasha. Lakini kosa si lake. Ni la maneno tuliyompa.

Nilimwambia aweke kidole kwenye panja, kati ya jicho na sikio, kisha akaze meno. Kuna msuli unaotutumka hapo. Nikamwonyesha nafasi yake kwenye fuvu la mbuzi, nyuma ya tundu la jicho. Uwazi huo ulitokea katika ukoo wetu zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, mmoja kila upande wa fuvu. Ukoo wa dinosaria ulikuwa na miwili. Basi koo hizi ziliachana mapema mno, kabla ya dinosaria wenyewe kuwapo.

Mwaka 1903 Mmarekani Henry Fairfield Osborn aliuita ukoo wetu Sinapsida, jina la Kigiriki lenye maana ya tao lililoungana. Hata hivyo, kwa miaka mingi wataalamu waliendelea kuwaita jamaa hao wa kale "reptilia wanaofanana na mamalia".

Tazama mkanganyiko. Bonde la mto Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, lina visukuku vyao vingi. Mmoja wao, mnyama mdogo aliyechimba ardhi, aliitwa Kawingasaurus mwaka 1972. Kawinga ni mahali. Saurus ni mjusi kwa Kigiriki. Kumbe si mjusi! Ni wa upande wetu: si babu hasa, bali ndugu wa babu. Bonde hilohilo likatupa Asilisaurus kongwe, aliyepewa jina mwaka 2010, naye ni jamaa wa karibu wa dinosaria. Msomaji atakosaje kuwatia wote kapu moja?

"Wanyonyeshao" nalo halifai. Mamalia ni neno la Kilatini lihusulo titi, na mifupa haituonyeshi titi.

Ninapendekeza "wanapanja". Mwanapanja ni mnyama yeyote wa ukoo huo, wa kale au wa leo. Neno ni letu, na ithibati yake kila mtu anayo kichwani.

Kijana alilitazama lile fuvu, akacheka: "Kwa hivyo huyu tuliyemla ni mwanapanja mwenzetu?"

Naam. Alikuwa ameelewa.